Mtoto wa Tunu Haugui

Mwezi uliopita mkaza mwanangu alifungua kopo la maziwa ya unga jikoni kwangu, nami nikatoka nje. Alidhani nimeudhika. Sikuudhika. Ni ile harufu tu: tamu, kavu, yenye ukali kidogo wa bati, inayopanda puani pale kijiko kinapotoboa karatasi ya juu kwa mara ya kwanza. Wenzangu wa rika langu huniambia kwamba harufu hiyo huwakumbusha kulamba unga kiganjani mama asipoona. Mimi hunirudisha Mtopanga nilikokulia, kwenye ua wa nyumba yetu, na siwezi kukaa nayo chumba kimoja. Nilizunguka nje, nikaanua nguo ambazo hazijakauka, nikazianika tena. Mwisho nikaona bora niandike.

Baba yangu, Athumani, alikuwa na sauti. Ndugu zake walirithi minazi; yeye alirithi koo. Mechi za mpira kule Magogoni alitangaza yeye, harusi alitangaza yeye, mtoto akipotea sokoni aliitwa yeye, na mtu akifariki ni yeye aliyepita njia hadi njia akitaja jina la marehemu na saa ya mazishi. Watu walisema Athumani akitangaza kuna mvua, kuni huingizwa ndani hata kama jua linawaka. Kwa hiyo kampuni moja ya mjini kisiwani ilipotafuta mtu wa kunadi maziwa yake ya kopo huku kwetu Kisauni, ng'ambo ya daraja, haikupata tabu kumpata. Jina la kweli la maziwa hayo nitaliacha. Hapa nitayaita Tunu.

Gari lilikuwa pikapu nyeupe yenye vipaza sauti viwili juu, mfano wa maua ya maboga. Lilipita baada ya swala ya alasiri, taratibu, na watoto tukilifuata nyuma. Mimi nilitembea mbele ya wenzangu, maana sauti ilikuwa ya baba yangu. Na lazima niseme jambo moja nililoliamini, kwani bila hilo mengine hayataeleweka. Msikitini kwetu kulikuwa na kipaza sauti cha umbo lile lile. Mimi nilidhani chombo hicho hakipitishi uongo. Nilidhani neno haliwezi kutoka mle mpaka liwe limepimwa mahali fulani na watu wazima wenye hekima, likaonekana ni haki.

Maneno yenyewe baba alipewa kwenye karatasi. Alikuja kuyafanyia mazoezi uani, mama akisukuma chapati.

"Mama mpenda mwana, mpe Tunu! Mtoto wa Tunu halii!" Akasita. Akarudia. "Halii... Unaonaje? Linakatika mapema. Halina mizani."

"Mie sijui mizani," mama akasema.

Baba akazunguka ua mara mbili, vidole vikigonga paja, kisha akasimama. "Mtoto wa Tunu halii, mtoto wa Tunu haugui!"

"Nani alokwambia haugui?"

"Ah, mke wangu! Tangazo hilo. Hakuna anayelishika kama msahafu."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi nililishika kama msahafu. Kesho yake baba alirudi amefurahi: wakubwa wa kampuni walilisikia neno lake, wakalipenda, wakamwambia aendelee nalo hivyo hivyo. Wiki ile watoto wa Mtopanga wote waliliimba wakiruka kamba.

Katika nyumba yetu, upande wa kushoto wa ukumbi, alipanga Da Mwanaisha. Mumewe alikuwa baharia, yuko safarini na meli, na yeye mwenyewe alifua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja upande wa Bamburi. Alikuwa na mtoto wa miezi minne, Mbwana, mrefu mwembamba, mwenye kucheka na kila mtu. Hakuwa na ugonjwa wowote. Wembamba ulikuwa wa ukoo wao tu, lakini mtoto wa kwenye kopo la Tunu alikuwa na mashavu kama mahamri, na Da Mwanaisha alikuwa akiliangalia kopo dukani kisha akimwangalia mwanawe. Likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha. Maziwa aliyonayo yalitosha, mama alimwambia hivyo mara nyingi, ila kifua chake kilishinda kazini na mtoto alishinda nyumbani.

Siku moja aliniita. "Weye ni mwana wa Athumani, huwezi kunidanganya. Maziwa haya ni kweli yasemwavyo?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nikainua kidole juu kama nilivyoona watu wazima wakifanya. "Wallahi, Da Mwanaisha. Mtoto wa Tunu haugui."

Akanunua.

Asubuhi Mbwana alikaa na mama. Nikirudi shule nilimpokea mimi, maana mama alikuwa fundi wa kushona na mchana ndio wateja walimjaa barazani. Kwa hiyo chupa za mchana nilizikoroga mimi. Nilijivunia kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Nyuma ya kopo kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, na chini yake picha nne kwa mstari. Ya kwanza ilikuwa birika linalotoka mvuke. Ya pili kijiko, ya tatu chupa, ya nne mama amempakata mtoto. Niliziangalia kwa makini sana, nikazifasiri. Birika, nikasema, ni la chai ya mama. Wanataka mama anywe chai kwanza, atulie, ndipo amlishe mwanawe. Basi Da Mwanaisha aliporudi kazini jioni, miguu imemvimba, nilimpelekea kikombe cha chai ya moto kabla hajamchukua mtoto. Akaniombea dua. "Mungu akukuze, mwanangu. Umenitunza." Yeye alisoma chuoni, madrasa, kwa herufi za Kiarabu; Kiingereza cha kopo kilikuwa giza kwake, na mimi shuleni ndiyo kwanza nilianza kujifunza.

Maji ya kukorogea nilichota mtungini, kama tulivyochota sote.

Kopo halikudumu. Da Mwanaisha akaniambia nipunguze kijiko, niongeze maji, mradi yawe meupe. Nikapunguza. Mvua za masika zikaanza, maji ya kisima chetu yakapanda mpaka ukayaona bila kuinama, nayo yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa. Choo kilikuwa hatua chache kutoka pale. Hakuna aliyelitia maanani. Masika ndivyo yalivyokuwa siku zote.

Mbwana alianza kuharisha siku ya Jumatatu. Jumanne aliacha kucheka. Wanawake wa nyumba wakasema tumbo lipumzishwe, asipewe kitu, na walisema kwa nia njema, kwani ndivyo walivyoambiwa na mama zao. Jumatano macho yaliingia ndani na utosi ukabonyea. Da Mwanaisha alimfunga mgongoni akaenda zahanati, nami nikamfuata nimebeba nepi. Pale alikuwako muuguzi mmoja mtu wa bara, tukimwita Sista Nekesa, mwanamke mnene mwenye haraka. Alimfinya Mbwana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ngozi ikabaki imesimama vile vile, haikurudi.

"Mnangojea nini huko nyumbani?" alisema, lakini hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha. "Chukua gari saa hii, enda hospitali kubwa. Usipite nyumbani."

Hawakulifikia daraja la Nyali.

Mbwana alizikwa siku ile ile baada ya alasiri. Baba alipoombwa apite akatangaze msiba, alisema koo linamwuma. Watu walipashana habari mlango kwa mlango.

Baada ya hitma baba alikwenda zahanati peke yake. Alirudi akamweleza mama nikiwa nyuma ya pazia. Sista Nekesa alimwambia kwamba Mbwana si wa kwanza masika yale, na kwamba karibu nyumba zote alizouliza zilikuwa na kopo. Tena alimwambia, "Si maziwa peke yake, Athumani. Ni maji, na chupa, na hiyo kupunguza punguza. Lakini nani aliambia hawa wamama waache kunyonyesha?" Baba alimwigiza kwa lafudhi yake ya bara, kama alivyozoea kuigiza kila mtu, kisha katikati akashindwa.

Kesho yake alinichukua twende kisiwani, kwenye ofisi ya kampuni. Alinichukua mimi kwa sababu nilikuwa nikijifunza Kiingereza, na alitaka nimsomee yaliyoandikwa kwenye kopo tukiwa njiani. Nilisoma nilivyoweza. Nilifika kwenye neno moja, herufi nne tu, sikulijua. Nikaliruka.

Meneja alikuwa kijana nadhifu, mpole. Alitupa pole, akaagiza niletewe soda. Baba alisimama, akakataa kiti.

"Bwana, nimekuja tulirekebishe tangazo. Naomba niongeze maneno. Mwenye maziwa yake amnyonyeshe mwanawe. Na asiye nayo, achemshe maji."

"Bwana Athumani, hayo yote yako kwenye kopo." Akalizungusha lile tulilokuja nalo, akaweka kidole juu ya picha ya kwanza. "Hii hapa. Chemsha maji. Iko wazi, hata mtoto anaielewa."

Nilitazama lile birika, na juu yake lile neno nililoliruka, boil. Nakumbuka soda ilikuwa mkononi mwangu, chupa inatoka jasho, na nakumbuka nikiwaza kwa haraka sana, kama mtu anayetafuta mlango ndani ya moshi: labda ni chai pia. Labda ni vyote viwili.

"Basi acha niyaseme kwa Kiswahili," baba akasema.

"Tangazo si darasa. Ukianza kuwatisha kina mama, nani atanunua?" Kisha akaongeza, bado kwa upole, "Na kwa haki, lile neno la haugui hatukuliandika sisi. Angalia karatasi yako. Ni lako mwenyewe."

Baba akaitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaisoma yote, ingawa aliijua kwa moyo. Akaiweka mezani. Tukatoka. Tulivuka daraja kwa miguu, yeye akitangulia. Nami nilikuwa na langu la kusema, likinichoma ulimini, sikulisema.

Nikaanza kuchemsha maji. Nilichemsha ya kunywa, nikachemsha ya kuoga na ya kufulia, siku moja mama akanikuta nachemsha ya kumwagilia mchicha. Alinigombeza kwa kumaliza kuni. Usingizi haukunijia. Darasani mwalimu akiniita niliruka. Nyumbani baba naye hakutulia: alikaa barazani, akaingia ndani, akatoka tena, akaanza sentensi akaiacha. Mechi ya Magogoni ikachezwa bila mtangazaji. Da Mwanaisha alirudi kazini, akaja, akaenda, na kila jioni niliposikia viatu vyake ukumbini nilijificha jikoni.

Mvua haikupungua. Sista Nekesa akaja kwetu mwenyewe, na viatu vyake vimejaa tope.

"Athumani, mimi nina dawa ambayo iko kwa kila nyumba," alisema. "Maji yamechemka, sukari, chumvi. Lakini naambia watu kumi kwa siku. Sauti yako inafika mahali mimi siwezi fika. Wewe tangaza."

"Sista, mimi? Nani ataniamini?"

"Walikuamini ya maziwa."

"Ndiyo maana."

Sista akaenda zake. Mlango wa Da Mwanaisha ulikuwa wazi. Alitoka amejitanda kanga kama mjane aliye edani, ingawa mumewe alikuwa hai baharini, akaketi kwenye ngazi mbele ya baba. Mama alisimamisha cherehani.

"Kaka Athumani, nimesikia."

"Mwanaisha, dada yangu, sina uso wa kukutazama."

"Usinitazame. Nisikize. Ulipita njia hii siku ngapi ukisema ninunue? Siku nyingi. Sasa wataka kunyamaza. Ukinyamaza, lipi watakumbuka watu? Watakumbuka lile lile la kwanza. Hata jana watoto waliliimba hapo nje." Alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Wewe umelitia masikioni mwao. Mwingine hawezi kulitoa."

Baba akakubali, na klabu ya mpira ikawaazima vipaza sauti na betri. Gari hakuna, basi wakavifunga juu ya mkokoteni wa maji, na mwenye mkokoteni akavuta. Alasiri ya kesho yake wakatoka, baba akishika maikrofoni, Sista Nekesa na kopo lake la sukari, Da Mwanaisha nyuma, nami nyuma yake, mbali kidogo. Njia zilikuwa tope tupu. Tulipofika penye maduka, watu walitoka kwa mazoea.

"Leo wauza nini, Athumani?" mtu mmoja alipiga kelele, na wengine wakacheka.

"Leo siuzi," baba akasema, na vipaza sauti vikalirudia neno hilo mpaka uchochoroni. "Nimekuja kulirudisha neno. Niliwaambia mtoto wa Tunu haugui. Neno hilo nililitunga mimi, uani kwangu, kwa sababu lilikuwa na mizani. Sikuujua ukweli wake. Sikumwuliza mtu."

Hakuna aliyecheka tena. Alitaka kuendelea. Nilimwona mdomo ukifunguka, na ile sauti iliyokuwa ikijaza uwanja wa mpira haikuja. Alijaribu mara ya pili. Hapo Da Mwanaisha akasogea mbele, akamtoa maikrofoni mkononi, taratibu, kama unavyomtoa mtu kikombe asije akakiangusha.

Hakujua kuishika. Aliiweka karibu mno na mdomo, ikapiga yowe, akaitoa, akairudisha.

"Mimi ni Mwanaisha, naishi hapa hapa, wengi mwanijua. Mwanangu alikuwa Mbwana. Nilimpa maziwa ya kopo na maji ya kisima, hayakuchemshwa. Alipoharisha nikamnyima kunywa, nikidhani nampumzisha. Alikufa kwa kiu, nami nina mtungi umejaa." Akawageukia wanawake. "Mwanao akiharisha, usimnyime. Mnyonyeshe. Mpe maji haya atayowaonyesha Sista. Mpe kidogo kidogo, hata akitapika, ngoja kidogo, mpe tena. Halafu mpeleke. Usingoje siku tatu kama mimi."

Hapakuwa na mizani wala vina. Alisema vile mtu anavyomwambia jirani juu ya ukuta. Sista akakoroga mbele yao: lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa, vijiko vidogo vinane vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, akayaonja, akawaonjesha, "yasikuwe chumvi kushinda machozi." Wanawake wakaja na vikombe. Mmoja akaniuliza mimi vijiko ni vingapi, nikamwambia. Siku zile zilizofuata mkokoteni ulipita Mtopanga yote mpaka Magogoni, na baba alipata sauti yake tena, ila alitangaza pole pole, na kila mara alimwachia Da Mwanaisha sehemu yake. Mtoto wa muuza samaki wa njia ya pili aliharisha wiki ile, akapewa, akaishi. Huyo ninamjua, ana watoto wake sasa. Wengine siwajui, na sitaki kudai nisiyoyajua.

Nimebishana na nafsi yangu miaka mingi juu ya jambo hili. Kuna siku husema kunadi ni kazi ya hila, basi. Mtu hulipwa kukufanya uone upungufu katika mwana asiyepungukiwa kitu. Halafu naukumbuka ule mkokoteni kwenye tope. Chombo kilikuwa kile kile, na njia zile zile, na mtu yule yule aliyejua watu wa Mtopanga husikiliza wapi. Baba mwenyewe hakuacha kazi ya kutangaza. Alinadi sabuni, alinadi vyandarua, alinadi mikutano ya shule. Lakini waliomletea karatasi aliwauliza kwanza, "Nani kati yenu ametumia kitu hiki? Na kikidhuru, kinadhuru vipi?" Wengine walimwona mjinga, wakaenda kwa mtangazaji mwingine. Sina jibu lililokaa sawa. Ninapodhani nimelipata, linaondoka.

Ninachokijua ni jioni ile ya siku ya kwanza ya mkokoteni. Tulirudisha vipaza sauti klabuni, kisha baba nami tukawa tunarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, yeye mbele mimi nyuma, jua halijatua. Nikasimama. Akageuka.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Mbona umesimama?"

Nikamwambia. Nilimwambia birika nililidhani ni la chai. Nilimwambia maji yalikuwa ya mtungi, kila siku, kwa mikono yangu, na kwamba niliapa kwa Da Mwanaisha, na kwamba kule ofisini nilifahamu nikanyamaza. Niliyasema bila kupumua. Nilingoja anipige, au anikumbatie, sijui nilitaka lipi.

Baba alichutama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Tope lilimpanda magotini.

"Kuna mtu alikwambia uyachemshe?"

"La."

"Mtu yeyote? Mama yako? Mwanaisha? Mimi?"

"La, baba."

"Basi hukuasi," akasema. "Hakuna aliyekwambia, mwanangu. Na kazi ya kusema ilikuwa yangu."